Vidole Vinne vya Pindo

Nilishona nguo miaka arobaini na mbili, na katika miaka yote hiyo pindo sikulipima kwa futi. Nililipima kwa vidole. Vidole vinne vya mkono wa kushoto, vimebanwa pamoja, vinalazwa juu ya kitambaa, chaki inapita pembeni, basi, kata. Mama akiniletea mtoto wa kushonewa sketi ya shule, nilimwekea vidole vinne ndani na kuvishikiza kwa mishono mirefu ya kufumuka kirahisi. Mwaka ukipita mtoto amerefuka, mama anachukua wembe, anafumua, anashusha kidole kimoja na nusu. Mwaka wa pili anashusha tena. Sketi moja ilikula miaka mitatu na magoti ya mtoto hayakuchungulia.

Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu. Watu waliwapita mafundi wenye vibao na vioo wakaja chumbani kwangu, ambako mteja alisubiri zamu yake akiwa amekaa kitandani, kwa ajili ya kitu kisichoonekana nguo ikishavaliwa.

Nina mtoto mmoja, wa kiume. Baba yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Kaptura yake ya shule ilikuwa moja tu, nami nilimwekea vidole vitano, maana nilimwona anavyokwenda juu kama mhindi shambani wakati wa mvua. Kila nilipoishusha, pale pindo la zamani lilipokaa pakabaki mstari: juu kitambaa kimepauka kwa jua na sabuni, chini bado kipya. Ikafika mahali kaptura ina mistari mitatu kama cheo cha askari. Wenzake wakamwita Mistari. Mimi nikaona jina zuri, nikawa namwita hivyo hivyo.

"Mistari, njoo ule!"

Anakuja, ananawa, anakula kimya.

Na mashati yake je? Nisijifiche. Mashati yake yalitoka kwenye mabaki. Mteja analeta kitambaa, wewe unakata kwa akili, kinabaki kipande, nawe hukisemi. Mfuko wa mteja huyu, kola ya mteja yule, mgongo wa yule mwingine. Sikuita wizi. Niliita kujua kukata. Mwanangu alikuwa akikaa chini ya meza ya cherehani akiniangalia ninavyokunja kile kipande na kukisukuma chini ya godoro, na sikuwahi kufikiri kwamba macho yale yanaweka akiba.

Mwanangu alipokuwa bado hajaanza shule, alikuja kwangu msichana wa miaka kumi na mitano kujifunza ufundi. Alikuwa na mkono mtulivu. Nilimfundisha mkasi, nikamfundisha vidole vinne, na akawa anambeba mwanangu mgongoni nikiwa na kazi nyingi. Huyo ndiye leo anaitwa Mama Pacha. Pacha wake walikuja amekwisha kata tamaa, ameshapita miaka arobaini, na baba yao alipoona ni wawili akapungukiwa na maneno, kisha akapungua mwenyewe hadi akapotea kabisa.

Mwanangu alianza kwa kuuza nyuzi na vifungo, akapanda akauza vitambaa, akanunua cherehani mbili, zikawa sita. Leo ana karakana ya cherehani ishirini, inashona sare za shule na za hospitali. Ana nyumba yenye geti. Alinichukua kutoka kile chumba akaniambia, "Mama, umeshona vya kutosha." Nikakaa nyumbani kwake wiki tatu nikitazama maua. Nikamwambia maua haya yatanizika. Basi akanitafutia kiti pale karakana, karibu na dirisha, kiti chenye mto wa sponji, akanipa kazi ya kukagua vifungo. Saa nne chai inaletwa kwa sinia mpaka mkononi. Mafundi wakaniita Bibi Fundi. Mama Pacha, ambaye ndiye mkataji wa pale, peke yake aliendelea kuniita mama.

Nisimseme vibaya mwanangu. Mshahara anatoa siku yake, na sauti hapandishi. Ila ana macho. Akiingia asubuhi hatazami watu kwanza, anatazama sakafu, kuona vipande vilivyoanguka vina ukubwa gani. Na ana vitabia vyake vidogo. Mkwe wangu hulalamika kila akifua makoti yake kwamba mifuko inanata, sijui anatia nini, na mwenyewe hajibu.

Jumatatu moja ilikuja kazi ya sketi mia tatu za shule, rangi ya kijani iliyokoza. Zilitakiwa Ijumaa saa tisa. Nilifika mapema na gari la mwanangu, nikamkuta Mama Pacha hayupo, amekwenda stoo kutoa majora ya kitambaa. Juu ya meza ya kukatia ilikuwa imelazwa ile karatasi ya kaki tunayoiweka juu ya kitambaa ili kukata kwa kufuata umbo lake. Mimi ni mtu wa vifungo tu, lakini mkono una mazoea yake. Nikalaza vidole pale penye pindo.

Kidole kimoja.

Nikalaza tena. Kidole kimoja. Nikasema moyoni, maskini, wale pacha wamemmaliza akili mwenzangu. Karatasi ya sketi mia tatu, pindo la kidole kimoja! Bosi akiona itakuwaje? Nikachukua kipande cha kaki na chupa ya gundi, nikaongeza vidole vitatu chini, nikakata ukingo ukanyooka, nikarudi kwenye kiti changu. Sikumwambia mtu. Nilitaka kumsitiri. Chai ya siku ile ilikuwa tamu kuliko siku zote.

Mama Pacha aliporudi na jora begani, akaitazama karatasi. Akapitisha kidole pale penye gundi. Kisha akainua macho akanitazama mimi kule dirishani. Nikamtikisia kichwa, kama nilivyokuwa nikimtikisia zamani akishona mstari ukanyooka. Akainamisha macho, akakata.

Alhamisi mchana kitambaa kikaisha. Sketi ishirini na nne hazikuwapo.

Mwanangu alikuja akasimama katikati ya cherehani, zikanyamaza moja moja.

"Nilinunua kitambaa cha sketi mia tatu," alisema. "Na cha akiba kidogo. Kimekwenda wapi?"

Kuna fundi mmoja wa kike tunamwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Akasema, "Labda huko dukani walikupunja, bosi."

"Nilipima mwenyewe."

"Basi labda kimerudi nyuma. Vitambaa vya siku hizi vinarudi hata kabla hujavifua."

Mwanangu akatazama sakafu. "Mimi nimekulia kwenye chumba cha fundi," alisema taratibu. "Najua kitambaa kinavyotoka mlangoni. Kila mtu alete mkoba wake mezani."

Wakaleta. Mikoba kumi na tisa juu ya meza ya kukatia, na yeye mwenyewe akaifungua mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, kwa ncha za vidole. Bakuli la chakula. Kitana. Dawa ya kifua. Barua ya mtu iliyokunjwa mara nane. Wanawake walitazama ukuta. Alipofika kwenye mkoba wa Mama Pacha akatoa vitambaa viwili vidogo vya kijani, vimeshonwa vipande vipande kwa ustadi, mbele na nyuma.

"Nini hivi?"

"Vya kushikia sufuria," Mama Pacha alisema. "Ili mtu asiungue."

"Vimetoka wapi?"

"Sakafuni."

"Sakafu ya nani?"

Mama Pacha akavitazama vile vitambaa viwili.

"Kesho usije," mwanangu alisema.

Wakati ule mimi nilikuwa na sketi mapajani, namalizia kifungo. Na wakati mwanangu anauliza sakafu ya nani, kidole changu gumba kilikuwa kimepita chini ya pindo, chenyewe, bila kutumwa. Kikapima. Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Vidole vyangu navijua. Nikavuta sketi nyingine kwenye rundo. Vinne. Kitambaa cha sketi ishirini na nne kilikuwa pale pale chumbani, kimekunjwa ndani ya zile mia mbili sabini na sita, kimeshikizwa kwa uzi.

Nami nikanyamaza.

Nimejiuliza sana kwa nini. Mimi yule yule niliyewahi kumfuata mteja hadi sokoni, mbele ya watu, nikamwambia kola anayodai nimeiharibu ilishonwa na fundi mwingine. Siku zile sikuwa na cha kupoteza ila cherehani. Sasa nilikuwa na kiti chenye mto, na chai ya saa nne, na watu kumi na wanane wanaoniita Bibi Fundi. Niliona aibu inakuja, nikaukalia ule mto barabara. Mama Pacha alichukua mkoba wake akatoka. Hakunitazama. Angenitazama ningepata nafuu.

Garini mwanangu aliniambia, "Inaniuma, mama. Mama Pacha amenibeba. Lakini nikimwachia yeye, kesho nimwambie nini mwingine?"

"Ndiyo, baba," nikasema.

Akaniuliza kama kiyoyozi ni baridi sana. Nikasema hapana, kiko vizuri. Kilikuwa baridi.

Asubuhi ya Ijumaa sikusubiri gari. Nilimwambia mkwe wangu nanyoosha miguu, nikainyoosha hadi kwa Mama Pacha. Ni chumba kimoja, mlango unaangalia mlango wa jirani, ukifungua yote miwili kwa pamoja inagombana. Ndani kuna kitanda kikubwa, ndoo mbili zenye vifuniko, na cherehani ya mkono chini ya shuka. Yeye alikuwa kizingitini na wembe, sketi ya shule ya mmoja wa pacha mapajani, anafumua pindo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watoto?"

"Mmoja amekwenda shule. Mwingine anasubiri sketi." Akaonyesha ndani kwa kidevu. Binti alikuwa kitandani amejifunika shuka hadi kiunoni, ana daftari, akaniamkia bila kuinua kichwa. "Amerefuka ghafla. Nashusha. Bahati hii niliishona mwenyewe."

Nikakaa kwenye ndoo moja.

"Uliiona ile gundi," nikasema.

"Niliiona."

"Ukajua ni mimi."

"Mama, nani mwingine angeongeza vitatu hasa? Mwanao alituambia kidole kimoja tangu mwaka juzi. Iko kwenye karatasi ukutani. Wewe huisomi kwa sababu imebandikwa nyuma ya kiti chako."

"Kwa nini ukakata sasa?"

Akang'oa uzi, akaupuliza. "Ulinitikisia kichwa. Miaka thelathini na tano ukinitikisia kichwa nakata. Nikadhani mmeongea, wewe na mwanao."

"Na jana? Kwa nini hukusema?"

Hapo akaweka wembe chini. Hakupandisha sauti, ingekuwa afadhali. "Ningesema nini? Kwamba mwizi ni mama yake? Angeniamini? Nilikuwa nangoja useme wewe. Nilisimama pale nikasema moyoni, sasa hivi. Akimaliza kifungo hicho atasema. Ukamaliza kifungo, ukaanza kingine."

Yule binti kitandani aliacha kuandika.

"Twende pamoja," nikasema. "Nitasema mbele yake."

"Nenda wewe kwanza, mama. Mimi leo nimeambiwa nisije." Akachukua wembe wake. "Na mtoto anachelewa."

Nikaenda. Njiani sikuwa na hotuba. Nilikuwa na magoti mawili yanayouma na jambo moja la kusema, nikalirudia kila nilipokanyaga ili lisinitoroke.

Karakana ilikuwa moto. Mwanangu amevua koti na kulitundika, yuko mezani anajaribu kukata mwenyewe jora la kuazima, amekosea mara mbili. Mkataji mwingine hakuna. Nikachukua sketi moja kwenye rundo la zilizopigwa pasi na wembe wa Redio, nikaenda nikasimama mbele yake.

"Ulitafuta kitambaa chako," nikasema. Nikatia wembe kwenye pindo, nikafumua, likaanguka vidole vinne vizima. "Hiki hapa. Hakijatoka nje ya mlango. Niliongeza mimi, Jumatatu, kwa gundi. Nilidhani Mama Pacha amekosea."

Alitazama lile pindo. Akatazama rundo. Akanitazama mimi. Kisha uso wake ukafunguka, akacheka. Alicheka mpaka akaegemea meza na kufuta macho kwa mkono wa shati.

"Mama bwana! Kumbe ni wewe! Jamani, mama yangu atanifilisi!"

Na karakana nzima ikacheka naye. Redio alipiga cherehani yake kofi. Mtu akasema, Bibi Fundi kiboko. Mwingine akaniletea stuli nikae, na chai, ingawa haijafika saa nne. Mimi nilisimama na wembe mkononi nikaona ajabu ya jambo lile. Kosa ni lile lile, kitambaa ni kile kile.

"Unacheka nini?" nikamwuliza.

"Si umekosea tu, mama. Kawaida."

"Jana lilikuwa linaitwaje?"

Kicheko kikapungua, kwanza chake, kisha cha wengine.

"Jana sikujua ni wewe."

"Ndiyo ninachouliza. Likiwa la Mama Pacha ni wizi. Likiwa langu ni kichekesho, na ninaletewa chai."

Akainama akajifanya anapanga mkasi. Akasema kwa sauti ya chini, ya mimi peke yangu, "Mama, mimi sikubuni. Nililala juu ya lile godoro. Nilijua vilivyokuwa chini yake, na nilivivaa. Fundi akikosa kitambaa, mimi najua kiko wapi."

Hilo lilinipata.

"Na hiki kidole kimoja?" nikauliza mwishowe. "Kitambaa kinakuuma kiasi hicho? Umekuwa na mkono wa birika hata kwa watoto?"

"Si kitambaa." Akanyoosha lile pindo lililoning'inia, akalikunja, akalikunjua. "Unajua waliniitaje shuleni?"

"Mistari. Nakumbuka."

"Walikuwa wananisimamisha ukutani, wanahesabu kwa kidole. Moja. Mbili. Tatu. Halafu wananiuliza, mama yako atanunua nyingine mwaka gani? Kila siku. Kisha narudi nyumbani, na wewe uko mlangoni, umefurahi, unaniita Mistari njoo ule."

Miaka thelathini na zaidi, na mimi nilijua ni cheo.

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia, ungefanya nini? Ungelia. Na kaptura ingebaki ile ile. Nilijiapia, nikishona mimi, hakuna mtoto atakayehesabiwa kwa nguo yangu. Ikiwa fupi, inunuliwe nyingine."

"Na ambaye mama yake hana ya kununua nyingine?"

"Atavaa hiyo fupi."

"Basi watahesabu magoti," nikasema.

Nikamwona yule mtoto anayekula bila kusema, amekaa ndani ya mwili wa mtu mzima mwenye kitambi. Nilitaka kumshika kichwa. Lakini jambo langu lilikuwa bado.

"Kamlete Mama Pacha."

"Namtuma dereva sasa hivi."

"Dereva ndiye aliyemfukuza?"

"Mama, sketi zinatakiwa saa tisa."

"Ndiyo maana uende kwa haraka. Na uende kwa miguu. Gari haliingii kule."

Alikwenda. Nilimwona kutoka dirishani anaruka maji machafu na viatu vyake vyenye kung'aa. Alikawia hadi Redio akaanza kueleza matatizo ya ndoa yake kwa mara ya pili. Kisha wakatokea: Mama Pacha mbele, mkoba begani, mwanangu nyuma.

Mama Pacha hakwenda kwenye mkasi. Alikwenda mezani akaweka mkoba wake pale pale ulipofunguliwa jana.

"Bosi ameniomba radhi," alisema, na cherehani zikanyamaza. "Ameniomba mlangoni kwangu, tukisikiwa na jirani mmoja na bata wake. Nimeipokea. Lakini mkoba wangu ulifunguliwa hapa, mbele ya watu wote hawa." Akageuka. "Na wewe fungua wako."

Mwanangu akatabasamu, akidhani ni utani. Akatutazama mmoja mmoja akitafuta tabasamu la kumuunga mkono, hakulipata. Hata kwangu hakulipata. Nilijua akikataa, Mama Pacha atachukua mkoba wake na hatarudi tena, na mwanangu atazoea kuishi hivyo.

Akachukua mkoba wake wa ngozi, akaufungua.

Ukatoka utepe wa kupimia. Kalamu. Miwani. Karatasi. Kisha vikaanza kudondoka vipakiti vya sukari, vile vidogo vya karatasi vinavyowekwa mezani mahotelini na kwenye ofisi za watu wakubwa. Vitano. Kumi. Mama Pacha akauinamisha mkoba, vikamwagika. Redio, mwanamke asiye na haya, akaenda kwenye koti lililotundikwa, akageuza mifuko, vikaanguka vingine, viwili vimepasuka. Hapo nikajua kwa nini mifuko inanata. Meza ya kukatia ilikuwa nyeupe.

"Sukari ya nani hii, bosi?" Mama Pacha akauliza.

"Ya hotelini." Masikio yake yalikuwa yameiva. "Wanaweka tu pale mezani. Mtu yeyote anaweza kuchukua."

"Hoteli ya nani?"

Akaokota kipakiti kimoja, akakigeuza. Kisha akasema, kama mtu anayejisikia kwa mara ya kwanza, "Hata sinywi sukari. Daktari alinikataza mwaka jana. Nikiiona tu, mkono unakwenda."

Wengine walitazama chini. Mimi nilitazama mikono yake. Zamani nilikuwa namtuma dukani kununua sukari ya kijiko kimoja, imesokotwa kwenye kipande cha gazeti, naye anarudi ameishika kwa mikono miwili, anatembea polepole, kana kwamba amebeba yai.

Ni Mama Pacha aliyeanza. Alijibana, mabega yakamtikisika, akashindwa. "Mistari!" alisema huku machozi yanamtoka. "Mistari, mwanangu, una cherehani ishirini!"

Safari hii kilikuwa kicheko cha aina nyingine. Mwanangu mwenyewe alicheka, kwa taabu mwanzoni, kama mtu anayevua kiatu kinachobana. Kisha akakaa kwenye stuli yangu na kujifunika uso kwa viganja, na sikujua tena kama anacheka. Mama Pacha alipita nyuma yake akamgusa bega kwa mkono mmoja, haraka, kama anayepangusa uzi.

"Redio, kusanya hivyo," alisema. "Leo chai ya watu wote ina sukari. Bosi, jora liko wapi? Hili la kuazima umelichinja."

Dereva alileta jora jingine, rangi inakaribiana kiasi kwamba usipoziweka kwenye jua kali hutambui. Mama Pacha akalikunjua juu ya meza, tabaka juu ya tabaka, akaweka ile karatasi ya kaki yenye kiraka changu cha gundi. Akachukua chaki. Hakuanza. Sketi ishirini na nne, na saa nne imegonga.

"Pindo vidole vingapi?" akauliza.

Mwanangu akanitazama. Mimi nilikuwa nimekwisha hamisha stuli yangu karibu na meza, na ule mto nimempa fundi mwenye mgongo mbaya. Nilikuwa na la kusema, mdomo umejaa, nikachukua chai nikanywa.

Akasogea. Akalaza mkono wake wa kushoto juu ya karatasi, vidole vinne, vimebanwa, kama nilivyokuwa nikifanya yeye akiwa chini ya meza. Akavitazama muda mrefu. Kisha akaondoa kimoja.

"Vitatu," alisema. "Na watakaofumua, wafue kwanza kitambaa kilichokunjuliwa kabla ya kushona upya. Kitarudi, na rangi itakaribiana. Mstari hautaonekana sana. Andikeni maelezo, kila sketi ipewe karatasi yake."

Mama Pacha akapitisha chaki pembeni ya mkono wake. Nami sikubisha. Mwanangu amekula vizuri miaka hii, vidole vyake vimenenepa. Vitatu vyake, nilipovipima baadaye yeye hayupo, vilikaribia sana vinne vyangu.